Siku ya 3 bila sigara, nimegombana hadi na kijiko

Wakuu, nimevuta miaka 14, pakiti moja kwa siku. Leo siku ya 3 tangu niache. Silali, mikono inatetemeka, na asubuhi nimemfokea mke wangu kisa kijiko. Kijiko! Hii arosto inaisha lini?

Jibu: Pole ndugu. Siku ya 2 na ya 3 ndizo kilele. Makali hupungua baada ya hapo, ingawa hasira na kukosa usingizi vinaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Unakunywa kahawa? Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi nililaumu arosto tu, kumbe na vikombe vyangu vinne vilikuwa na mkono wao. Nilipunguza hadi viwili, nikalala.

Muulizaji: Vitano, mkuu. Cha mwisho saa mbili usiku.

Jibu: Basi umejijibu!

Jibu la mwingine: Kama unatumia chingamu ya nikotini, usiitafune kama ya kawaida. Tafuna taratibu mpaka mdomo uwashe, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Mimi niliitafuna kwa pupa nikameza mate yote, nikashinda na kwikwi. Plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi pamoja na chingamu husaidia kuliko kimoja pekee. Mfamasia atakupa kipimo. Hamu yenyewe ikikubana, hudumu dakika chache tu. Toka nje, tembea.

Muulizaji: Na mke?

Jibu la mwingine: Mwombe radhi. Kijiko kioshe wewe.