Tupeane uzoefu: je, muziki wa nyumbani unahitaji kifaa cha kusafisha umeme?

Wadau, nashauriwa ninunue kifaa cha kusafisha umeme, yaani kichujio cha kupunguza kelele zinazokuja na umeme wa ukutani, kwa ajili ya amplifaya yangu. Kabla sijatoa fedha, naomba walionunua, na hasa walioghairi, waeleze kilichowafikisha kwenye uamuzi huo.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, mimi nilinunua nikajuta. Spika zilikuwa zikivuma hata muziki ukiwa umezimwa, nikaamini kwamba umeme ni mchafu, lakini nilipofunga kichujio mvumo ulibaki vilevile. Siku moja nilichomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kwa sababu nyingine kabisa, na spika zikanyamaza papo hapo. Kumbe dishi lilikuwa na njia yake ya kwenda ardhini na amplifaya ilikuwa na yake, hivyo mkondo mdogo wa hezi 50, sawa na mtetemo wa umeme wa nyumbani, ulikuwa ukizunguka kupitia nyaya za sauti. Kitenganishi kidogo, kifaa kinachopitisha sauti lakini kinakata mkondo huo, kilichofungwa kwenye waya wa sauti kati ya king'amuzi na amplifaya ndicho kilichoniponya. Nawasihi, mtu asikate waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo huenda ukaisha kweli, lakini siku kifaa kikipata hitilafu, kasha lake la chuma linaweza kuua.

Mchangiaji wa pili
Kwangu tatizo ni volti, ambazo zinapaswa kuwa 230 lakini jioni hushuka hadi 170. Kichujio hakipandishi volti, kwa hiyo nilinunua stabilaiza, kifaa cha kuweka volti sawa. Ni ya relei, yaani swichi zinazojibadilisha zenyewe, nayo hulia "tak" kila inaporekebisha, kwa hiyo nimeiweka mbali na kiti changu. Nina pia kizuia mshtuko wa umeme, yaani kinga ya vyombo dhidi ya volti kupanda ghafla, ambacho hubadilishwa baada ya muda kwa sababu vijenzi vyake huchakaa kadiri vinavyopokea mishtuko.

Mchangiaji wa tatu
Sikiliza kwanza sauti inatoka wapi. Yangu haikutoka kwenye spika bali kwenye transfoma ndani ya kasha, na ilizidi kila swichi ya kupunguza mwanga wa taa ilipowashwa. Nilibadilisha swichi tu.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Nimechomoa nyaya zote za sauti nikaacha amplifaya na spika pekee: kimya. Nimepima volti asubuhi na jioni kwa wiki nzima, hazijashuka chini ya 226. Nitanunua kizuia mshtuko peke yake, kisha nirudishe nyaya mmojammoja nione ni upi unaoleta mvumo.