Nimeombwa kuingia kwenye utafiti wa chuo kikuu, nikubali?

Nuru: Habari zenu wakuu. Nina shinikizo la damu. Kliniki ninakotibiwa, watafiti wa chuo kikuu wameniomba nishiriki: kundi moja litapewa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, jingine litaendelea na matibabu ya kawaida, na kompyuta ndiyo itakayopanga nani aende wapi. Baba amekataa katakata, anasema wanatafuta shahada zao kwa miili yetu. Tafiti hizi humrudia mgonjwa kweli, au huishia kabatini?

Muuguzi wa Zamu: Nuru, mwaka 2020 nilikuwa wodi ya wagonjwa wa korona. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunapapasa gizani. Kila wiki inasifiwa dawa mpya, ndugu wa wagonjwa wanatusihi tuwape watu wao. Mwezi Juni Chuo Kikuu cha Oxford kikatoa matokeo ya jaribio la RECOVERY: deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikufaa kitu, na hilo nalo tukaambiwa wazi. Jaribio hilohilo lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini, iliyokuwa midomoni mwa kila mtu, haikuokoa maisha ya waliolazwa. Watu hawaihesabu hii kuwa faida. Mimi naihesabu sana, maana niliacha kuwapa wagonjwa dawa isiyowasaidia.

Majibu hayo yalipatikana ndani ya miezi mitatu hivi kwa sababu maelfu walikubali kupangwa kwa bahati nasibu, kama unavyoombwa wewe. Wengine walifariki bila kuyajua. Kila nilipoichoma sindano ile niliwafikiria.

Mama Zawadi: Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza. Insulini yake ilianzia maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto. Januari 1922 walimchoma mvulana wa miaka 14. Dawa ilikuwa bado haijasafishwa vizuri, haikumfaa. Collip, mwanakemia wao, akaisafisha, wakamchoma tena siku 12 baada ya sindano ya kwanza, sukari ikashuka. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, wagunduzi wakakiuzia chuo kwa dola moja kila mmoja, mwambie baba. Kabla ya hapo watoto kama wangu walinyimwa chakula ili wasogeze siku. Wangu naye ana miaka 14, yuko hapa pembeni anapiga hesabu za shule.

Mdadisi: Mimi nilitoa damu kwa utafiti fulani, wakaahidi kuniletea majibu, hadi leo kimya. Iliniuma, na baba yako namwelewa. Uliza kabla ya kusaini: kamati ya maadili imeupitisha? Nikidhurika nani atanitibu? Naweza kujitoa bila kunyimwa huduma? Matokeo nitayapataje? Wakikwepa hata moja, ondoka.

Nuru: Asanteni sana. Maswali ya Mdadisi nimeyaandika nyuma ya fomu, sijasaini bado. Baba nimemsomea ya Muuguzi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kliniki ni saa ngapi. Anataka tuende wote awasikie mwenyewe.