Kwa mkono napata r = −0.94, kompyuta inaleta −0.66. Ipi ya kuaminiwa?

Mwani_Micheweni

Assalaam alaykum wana jukwaa. Tunatayarisha mafunzo kwa vijana watakaochukua vipimo kwenye mashamba ya mwani huku kaskazini Pemba. Watapima vitu viwili: joto la maji, na uzito wa mbegu ya kotonii (aina ya mwani) iliyofungwa ikiwa na gramu 100, baada ya wiki nne. Nataka wajue kupima nguvu ya uhusiano wa vigeu viwili kwa kizigeu cha Pearson, yaani r, namba iliyo kati ya −1 na 1. Namba hizi ni za mazoezi tu, zimetungwa, si vipimo vya pwani yoyote:

Joto (°C): 25, 26, 27, 29, 30, 31
Uzito (gramu): 420, 440, 400, 380, 340, 300

Kwa kikokotozi nimepata −0.94. Mwenzangu ameziingiza kwenye lahajedwali, joto A2 hadi A7 na uzito B2 hadi B7, akatumia CORREL, fomula ya lahajedwali inayopiga r, ikamletea −0.66. Ipi sahihi? Na ikiwa ni yangu, jee tunaweza kuwaambia vijana kwamba joto ndilo linalopunguza mwani? Kuna anayesema tuachane na Pearson kabisa, tutumie Spearman, inayopima kwa nafasi badala ya thamani.

---

Hisabu_Wete

Wa alaykum salaam dada. Yako ya mkono ndiyo sahihi. Naiandika hatua kwa hatua, uweze kuiweka kwenye karatasi za mafunzo.

Wastani wa joto ni 168 ÷ 6 = 28. Wastani wa uzito ni 2,280 ÷ 6 = 380. Toa wastani kwenye kila kipimo, upate mikengeuko:

joto: −3, −2, −1, 1, 2, 3
uzito: 40, 60, 20, 0, −40, −80

Hapa wasimamishe vijana. Kila mstari ukijumlishwa lazima ulete sifuri. Usipoleta, kuna kosa kwenye wastani au kwenye kutoa, na kuendelea ni kupoteza muda.

Zidisha jozi kwa jozi: −120, −120, −20, 0, −80, −240. Jumla −580. Jumla ya miraba ya mikengeuko ya joto ni 28, ya uzito ni 13,600. Zidisha hizo mbili upate 380,800, kipeuo chake cha pili ni 617.1. Mwisho −580 ÷ 617.1 = −0.94.

Sasa hiyo −0.66. Kwanza ondoa shaka ya vipimo: r haibadiliki ukigeuza safu nzima kutoka gramu kwenda kilo, au joto kutoka Selsiasi kwenda Farenihaiti. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kisanduku kimoja au viwili, si safu nzima. Nimejaribu makosa ya kawaida ya uchapaji. Ukiandika 34 badala ya 340, wastani wa uzito unashuka hadi 329, jumla ya zao inakuwa −1,192, miraba ya uzito inaruka hadi 116,110, na r inatoka −0.66 barabara. Mwambie mwenzako aangalie B6.

Sifuri moja iliyosahauliwa imeiangusha r kiasi hicho kwa sababu mikengeuko inapigwa mraba: ile nukta iliyojitenga peke yake imebeba 87,025 kati ya 116,110. Hapo ndipo Spearman anapofaa. Yeye hatazami gramu, anatazama nafasi: nani wa kwanza, nani wa pili. Kwa data safi Spearman inaleta −0.94, na kwa data yenye 34 inaleta −0.89. Haikutikisika sana. Lakini usiifanye Spearman kuwa dawa ya uchafu wa data. Kosa la uchapaji linasahihishwa kwenye daftari la shamba. Spearman ichague pale uhusiano unapopanda au kushuka moja kwa moja bila kuwa mstari ulionyooka, au pale kipimo chenyewe ni cha daraja, kwa mfano ubora wa mwani uliopangwa 1 hadi 5.

---

Bamvua

Naongeza la lahajedwali, maana linawakamata wengi. CORREL inaruka kisanduku kitupu na kisanduku chenye maandishi, lakini sifuri inaihesabu. Kijana akikosa kupima akaandika 0, programu itaamini kwamba mbegu ilikuwa na gramu sifuri. Aache wazi. Na akichapa 28,5 kwa mkato kwenye kompyuta iliyowekwa itumie nukta, ile si namba tena, ni maandishi, nayo itarukwa kimya kimya bila onyo. Tumia COUNT kwenye kila safu kabla ya CORREL: idadi ikipungua kuliko mistari uliyoiingiza, tafuta kilichopotea.

---

Kusi_Mchangani

Hisabu ya Mwalimu wa Wete imetimia, lakini kwa rai yangu mafunzo yaanzie kwenye mchoro wa nukta, r ije baadaye. Joto mlalo, uzito wima, nukta sita, dakika tano kwa penseli. Mwaka 1973 Frank Anscombe alichapisha makundi manne ya namba ambayo wastani wake unalingana na r ni ile ile, takriban 0.82. Ukiyachora, moja ni mstari wa kawaida, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoruka, na la nne nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja iliyo mbali. Namba moja, hadithi nne.

Kwa vijana wa pwani mfano mzuri zaidi wanao miguuni. Wachukue kijiti chenye alama, wapime kina cha maji kila saa kuanzia maji yamejaa mpaka yamekupwa, kama saa sita. Kwa mkondo wa kawaida wataona r kati ya saa na kina iko karibu na −0.99. Waendelee mpaka maji yajae tena, mzunguko mzima wa kama saa 12 na dakika 25, wapige hisabu upya. Itakuwa karibu na sifuri. Maji hayakuacha kufuata mwezi! Kilichobadilika ni kwamba nusu ya kwanza inashuka, ya pili inapanda, na Pearson anapima unyoofu tu. Kwa hiyo r ya sifuri isisomwe "hakuna uhusiano", isomwe "hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka".

Kinyume chake pia ni hatari: ile −0.99 ya saa sita inaonekana kama mstari kamili, na mchoro utakuonyesha kwamba ni upinde, unaokwenda pole mwanzo, kasi katikati, pole tena mwisho.

Jambo jengine, r si mteremko. Kwenye namba zako mteremko ni −580 ÷ 28, yaani kama gramu 21 zinapungua kwa kila nyuzi moja ya joto. Mkulima hiyo ndiyo anayoielewa. r inamwambia nukta zimeubana mstari kiasi gani, haimwambii atapoteza kiasi gani.

---

Mwani_Micheweni

Ahsanteni sana. B6 ni 34 kweli, tumerekebisha na sasa inaleta −0.94. Swali la pili limebaki. Kazi yenyewe itaanza wakati wa kaskazi na kuendelea hadi katikati ya kusi, vijiji vitatu, kipimo kila bamvua. Tulifikiria kuchukua wastani wa kila kijiji ili namba zitulie. Na vipimo sita vinatosha?

---

Mama_Takwimu

Mwanangu, sita ni vya kufundishia, havitoshi kutolea uamuzi. Kwa n = 6 (n ni idadi ya vipimo), r lazima ipite 0.811 (bila kujali alama) ndiyo uweze kusema kwa kiwango cha asilimia 5 kwamba si bahati tu. Kwa n = 12 ni 0.576, kwa n = 30 ni 0.361. Yako imepita: t = r × √(n − 2) ÷ √(1 − r²) inaleta 5.5, na mpaka wa t kwa digrii huru 4 (yaani n − 2) ni 2.776. Ile ya −0.66 isingepita, t yake ni 1.76. Lakini kupita mpaka si kujua thamani yenyewe. Ukitumia njia ya Fisher, masafa ya kuaminika ya asilimia 95, yaani mipaka ambamo r ya kweli huenda imo, kwa −0.94 yako yanaanzia −0.99 hadi −0.54. Pana mno. Ukiripoti r bila n na bila masafa hayo, msomaji atadhani una uhakika ambao huna.

Wastani wa vijiji achana nao. Ukichukua wastani unafuta mtawanyiko wa ndani ya kila kijiji, na r mara nyingi inakua bila mwani wenyewe kubadilika. Utabaki na nukta tatu, na nukta tatu hujipanga mstari kwa urahisi kabisa. Weka kila kipimo kama kilivyo, nukta za kila kijiji zipe alama yake kwenye mchoro. Vijiji vikitafautiana, unaweza kuona mstari unashuka ndani ya kila kijiji huku vyote kwa pamoja vikionekana kupanda. Hilo hulioni kwenye r ya jumla.

Sasa sababu. Kutoka kaskazi kwenda kusi joto linashuka, lakini si joto peke yake linalobadilika. Upepo unageuka, mikondo inageuka, na katikati kuna masika yanayomwaga maji ya mvua na kupunguza chumvi ufukweni. Basi pima chumvi siku ile ile na tumia uhusiano nusu, yaani r ya joto na uzito baada ya kuondoa athari ya chumvi. Tuseme kwa mfano wa kubuni: joto na uzito −0.70, joto na chumvi 0.80, chumvi na uzito −0.75. Juu: −0.70 − (0.80 × −0.75) = −0.10. Chini: √(0.36 × 0.4375) = 0.397. Jibu −0.25. Uhusiano wa −0.70 umebaki −0.25 tu baada ya chumvi kutolewa. Hiyo bado si ithibati ya sababu, ila inakuzuia kulitangaza joto mapema.

Vipimo vya bamvua mbili zinazofuatana pia si mashahidi wawili kamili, maana bahari ya leo inafanana na ya wiki mbili zilizopita. n ya kweli ni ndogo kuliko idadi ya mistari kwenye daftari. Jaribio rahisi: toa kipimo kilichotangulia kwenye kinachofuata, kwa joto na kwa uzito, kisha pima r ya mabadiliko hayo. Uhusiano ukitoweka kabisa, huenda ulichokuwa unakiona ni msimu tu.

Na uwahimize vijana wapime joto maji yakiwa kwenye hali moja siku zote. Kidimbwi kilichoachwa juani baada ya maji kupwa kina joto kuliko maji yanayoingia, na ukichanganya vipimo hivyo viwili mtawanyiko wa kipimajoto utaivuta r kuelekea sifuri hata kama uhusiano upo. Vivyo hivyo wasipime miezi ya kaskazi peke yake. Joto likicheza kati ya 29 na 31 tu, r itatoka ndogo kwa sababu masafa ni mafupi. Kwenye ripoti andika joto la chini na la juu lililopimwa, n, r, masafa yake, na mteremko kwa gramu, na mchoro uwe ukurasa huo huo.

---

Mwani_Micheweni

Tutaongeza kipima chumvi na safu ya "hali ya maji" kwenye fomu: yanajaa, yanakupwa, yamesimama. Wastani wa vijiji tumeufuta.