Waorthodoksi nao wana urithi wa mitume, sasa mbona hawako chini ya Papa?

Msomaji wa Usiku
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa maana jana nimebishana na shemeji yangu mpaka simu ikazima chaji. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri wa kuzaliwa. Anasema kanisa la kweli ni lile ambalo askofu wake aliwekewa mikono na askofu, na huyo naye na mwingine, hivyohivyo mpaka unawafikia mitume, halafu akamalizia "ndo maana lazima uwe chini ya Papa". Nikabaki nashangaa, Waorthodoksi si wana mnyororo huohuo? Na Roma yenyewe inazikubali sakramenti zao, wakati daraja za Waanglikana (uaskofu na upadri wao) Papa Leo XIII alishazitangaza batili tangu 1896. Sasa hapa kuna hoja moja au mbili?

Katekista Mzee
Mbili mkuu, shemeji yako karuka ngazi. Urithi wa kitume, yaani huo mnyororo, unajibu nani ana daraja, mamlaka ya Papa yanajibu nani ana neno la mwisho. Hiyo ya kwanza hata Waorthodoksi hatubishani nao. Askofu Ireneo kwenye mwaka 180 hivi alikuwa anapambana na Wagnostiki waliojidai wana mafundisho ya siri, akawaambia kama siri zingekuwepo mitume wangewapa watu waliowaachia makanisa, basi tuhesabu, akaanza na Roma: Lino, Anakleto, Klementi, akashuka mpaka Eleuteri wa wakati wake, wa 12.
Ya pili ndo Mathayo 16, na hapo Kiswahili kimetuponza. Tunasoma "wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu", unaona maneno mawili yasiyohusiana kabisa. Lakini Yoh 1:42 Bwana anamwita Kefa, na Kefa kwa Kiaramu ni mwamba. Yaani wewe ni Mwamba na juu ya mwamba huu! Ongeza funguo anazopewa Petro hapohapo, kasome Isaya 22 Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anavyotolewa na Eliakimu kupewa ufunguo wa nyumba ya Daudi. Kile ni cheo, mtu akitoka anaingia mwingine.

Biblia Tupu
Mnapenda sana Mathayo 16 ila 18:18 mnaipita kimyakimya, kule kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi wote. Na Wagalatia 2:11 Paulo anampinga Petro uso kwa uso mbele za watu, huyo ndo mwenye neno la mwisho? Matendo 15 Petro kaongea vizuri tu, lakini anayefunga kikao ni Yakobo, "mimi naamua hivi". Halafu ile barua ya Klementi kwa Wakorintho mnayoitajaga kila siku kama ushahidi wa Papa kuamrisha makanisa ya mbali, ifungueni muisome, jina la Klementi halimo hata mara moja, inaanza ni kanisa la Roma linaandikia kanisa la Korintho. Kanisa kwa kanisa.

Wa Mashariki
Mimi ni Mworthodoksi, niseme kidogo. Papa kuwa wa kwanza kwa heshima hatukatai. Tunachokataa ni huyo wa kwanza kuwa bosi wa wengine wote. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea 325, kanuni ya 6, inaipa Aleksandria mamlaka juu ya Misri na Libya na inatoa mfano wa Roma kuwa na desturi kama hiyo, kila mmoja na eneo lake. Mtaguso wa Kalkedoni 451 kanuni ya 28 ikasema wazi kwamba Roma ilipewa heshima kwa sababu ulikuwa mji wa mfalme, Petro hatajwi. Na kama ni kiti cha Petro, hata Antiokia wanamhesabu ni wao. Papa asiyekosea akifundisha rasmi imani hilo limetangazwa 1870, zaidi ya miaka 1800 mnasubiri nini?

Katekista Mzee
Hiyo kanuni ya 28 Papa Leo wa Kwanza aliikataa, usiifiche. Na Kalkedoni hiyohiyo barua yake iliposomwa maaskofu walipaza sauti kwamba Petro amesema kwa kinywa cha Leo.

Wa Mashariki
Walipaza baada ya kuipima na mafundisho ya Sirili, askofu wa Aleksandria, wakaona inalingana. Na Sipriani, askofu wa Karthago, je? 256 kule Karthago, maaskofu zaidi ya 80, anasema hakuna kati yetu anayejifanya askofu wa maaskofu, na wengi wanaona alikuwa anamsema Stefano, askofu wa Roma.

Katekista Mzee
Haya, sasa malizia hadithi. Ugomvi ulikuwa nini? Sipriani anataka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, Stefano anasema hapana. Baadaye Magharibi yote ilimfuata nani?

Biblia Tupu
Stefano kuwa sahihi kwenye ubatizo hakumfanyi bosi. Hata saa mbovu inapatia mara mbili kwa siku.

Msomaji wa Usiku
Asanteni wakuu, nimeelewa ni mbili. Ila hapo kwa Stefano mmenigusa pabaya, maana kwetu mtu akija kutoka kanisa lingine na alibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu hatumbatizi tena. Kumbe miaka yote namfuata Papa wa karne ya tatu na sijui. Shemeji asije akauona huu uzi.