Naomba ushauri: upasuaji wa uvimbe wa mgongo na hofu ya kupoteza damu nyingi

Wakuu, mama ana saratani ya figo iliyosambaa hadi kwenye pingili za mgongo. Miguu imeanza kufa ganzi, upasuaji hauepukiki. Daktari anasema uvimbe wa aina hii una mishipa mingi ya damu, hivyo siku moja kabla watapitisha mrija mwembamba kwenye paja na kuziba mishipa inayoulisha. Hilo nimelielewa. Pia atapewa asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema; ila aliwahi kupata bonge la damu mguuni, na hapo ndipo roho haitulii. Mliowahi kuuguza, na madaktari pia: tumuulize nini daktari wa usingizi? Na ile mashine ya kukusanya damu yake, kuisafisha na kumrudishia, kwa mwenye saratani inafaa kweli?