Abiria akibadilisha siku analipa. Kampuni ya ndege ikifuta safari, nani alipe?

Mwanzisha mada, Chake Chake

Assalaam alaikum. Kuna jambo limenikaa kohoni na nataka tulijadili kwa uwazi, hasa sisi wa upande huu wa Pemba. Ni haki kampuni ya ndege kumtoza abiria anapobadilisha siku ya safari, au kumnyima nauli yake yote, ilhali yenyewe ikifuta safari haitoi hata senti?

Mama yangu ana kliniki ya moyo Unguja. Boti haiwezi. Wakati wa kusi, bahari ya Nungwi ikichafuka, anafika bandarini Malindi akiwa hoi, siku nzima ya pili hainuki kitandani. Kwa hiyo tunajikamua, tunamkatia ndege. Ni nusu saa tu angani. Mara hii kliniki ilikuwa Alkhamisi, ikarudishwa Jumatano. Nilikwenda ofisini kwao siku 3 kabla ya safari kuomba wanibadilishie. Nikaambiwa tiketi zetu ni za bei ya chini, hazibadilishwi wala hazirejeshwi fedha. Nikanunua nyengine mbili, yangu na ya mama.

Siku ya kurudi tulifika kiwanjani saa 2 asubuhi. Safari ikafutwa. Tukaambiwa tutaondoka na ndege ya jioni, basi. Hatukupewa sababu, wala chai, wala maji. Upepo haukuwepo na mbingu zilikuwa nyeupe. Mama mwenye maradhi ya moyo alikaa kwenye kiti cha chuma mpaka saa 11.

Sisemi ada zote zifutwe. Nasema hivi: mimi kubadilisha siku kumenigharimu nauli za watu wawili, wao kubadilisha saa kumewagharimu nini? Ada ikiwepo, iwe na pande mbili.

Mchangiaji wa Kikwajuni

Pole sana, na Mungu amuafu mama. Mie nimeuza tiketi za ndege kwa miaka kadhaa, nitasema ninachokijua hata kama hakitapendeza.

Ndege nyingi zinazokwenda Pemba ni vidogo vya aina ya Cessna Caravan, injini moja, abiria hawazidi 13. Kiti cha ndege hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho. Ikishapaa nacho kitupu, kimepotea. Ndege ya watu 180 ikikosa watatu haihisi kitu. Caravan ikikosa watatu imepoteza karibu robo ya mapato ya safari ile, na mafuta, rubani na malipo ya kiwanja vinalipwa vilevile.

Wapo pia watu, na nimewaona kwa macho yangu kila ikikaribia Idi, wanaoshika nafasi za siku tatu tofauti kisha wanasafiri siku moja. Tiketi ikiwa haina gharama kuibadilisha, nafasi zitashikwa na wasiosafiri, na mgonjwa wako ataambiwa ndege imejaa. Bei ya chini ni makubaliano: wewe unapunguziwa, kampuni inapata uhakika. Anayetaka uhuru wa kubadilisha anunue tiketi ya bei ya juu.

Hata Marekani, ambako mwaka 2020 kampuni kubwa kama United, Delta na American ziliondoa ada ya kubadilisha iliyokuwa ikifika dola 200 kwa safari za ndani, tiketi za daraja la chini kabisa ziliachwa nje.

Mchangiaji wa Mkoani

Ndugu wa Kikwajuni, unazungumza kama kwamba kila abiria ana hiari. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikija kwetu. Mwaka uliofuata, Julai, ikazama Skagit ikitokea Dar. Kuna watu huku kwetu hawajakanyaga chombo cha baharini tangu siku zile, na siwalaumu. Kwao ndege si anasa. "Anunue ya bei ya juu" unamwambia mtu aliyeuza karafuu mbichi kabla ya kukauka ili apate nauli.

Mchangiaji wa Jambiani

Mie nafanya kazi na wageni, na wao hushangaa sana wakifutiwa safari huku, kwa sababu kwao kuna kanuni iliyoandikwa. Umoja wa Ulaya unayo tangu 2004, nambari 261. Safari ikifutwa, abiria anachagua: arejeshewe fedha zake au apelekwe kwa njia nyengine. Akingoja, analishwa kulingana na muda wa kungoja. Na akiwa ameambiwa chini ya siku 14 kabla, hulipwa fidia, euro 250 kwa safari zisizozidi kilomita 1,500, na zaidi kwa za mbali. Hali mbaya ya hewa inaiondolea kampuni ile fidia, lakini chakula na malazi haviondoki.

Ila kanuni ile inashika safari zinazoondokea Ulaya, na zinazokwenda Ulaya pale tu kampuni inapokuwa ya huko. Mgeni anayeondoka Unguja na kampuni isiyo ya Ulaya haimhusu. Kwa nini na sisi tusidai kama ile?

Mchangiaji wa Kikwajuni

Kwa sababu ya hesabu. Abiria 13 mara euro 250 ni euro 3,250. Safari moja ya Pemba haiingizi fedha hizo hata ikijaa. Kampuni ikilipishwa hivyo mara mbili tatu itaiacha njia ya Pemba na kubaki na watalii wa Serengeti. Hapo mtakuwa na haki nyingi na ndege hakuna.

Mwanzisha mada, Chake Chake

Hapo nakubaliana na wewe. Euro 250 sizitaki. Na sitaki kabisa sheria ya kumuadhibu mtu aliyefuta safari kwa mvua ya masika. Rubani akitazama wingu akasema haendi, asiwepo wa kumhesabia fedha. Nimepanda hivyo vidogo, najua vinavyotikisika.

Ndiyo maana nataka sababu iandikwe. Karatasi moja au ujumbe kwenye simu: safari imefutwa kwa hali ya hewa, au kwa ubovu, au kwa kuwa abiria walikuwa wachache wakaunganishwa na wa jioni. Hii ya tatu ni uamuzi wa biashara kama ulivyokuwa uamuzi wangu wa kubadilisha siku, na hapo abiria ale, anywe, na asiyeweza kungoja arejeshewe fedha taslimu. Asibebeshwe vocha asiyoiomba.

Na upande wa abiria, ada ipande kadiri siku inavyokaribia. Anayebadilisha wiki moja kabla asiwe sawa na asiyetokea kabisa. Mwenye barua ya hospitali asitozwe. Marekani tiketi iliyokatwa siku 7 au zaidi kabla ya safari unaweza kuifuta ndani ya saa 24 tangu kuikata ukarejeshewa yote, na kampuni zao hazijafa kwa hilo.

Jambo jengine: wengi hapa wanakwenda kulalamika kwa wakubwa wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wanarudi mikono mitupu. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri huo. Mie mwenyewe nilikuwa sijui. Jina na nambari ya baraza hilo vibandikwe kwenye kila kaunta, Chake na Unguja, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa.

Mchangiaji wa Mkoani

Swali moja. Zile nafasi zenu za Alkhamisi, ndege iliondoka nazo tupu?

Mwanzisha mada, Chake Chake

Hapana. Jirani yetu alipata msiba Unguja, akakata tiketi Jumatano jioni kwa safari ileile ya Alkhamisi. Alilipa zaidi ya nilivyolipa mie. Anasema ndege ilijaa, na aliyekaa ubavuni mwake naye alikata dakika za mwisho.

Mchangiaji wa Kikwajuni

Kama ni hivyo, basi viti vyenu viliuzwa mara mbili. Hilo siwezi kulitetea. Peleka madai yako, na hiyo tarehe na saa uliyokwenda ofisini iandike mwanzo kabisa wa barua.