Cessna ya zamani: tung'arishe bati tupu, tupige rangi upya, au tutunze rangi iliyopo?

MtunzaMabawa (Nzuguni)

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa mabati, rangi na vitu vya kale.

Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Dodoma. Tumekabidhiwa Cessna 180, ndege ndogo ya miaka ya 1950. Injini haina na haitaruka tena. Itakaa kwenye uwanja wa chuo cha ufundi ili vijana waione kwa karibu. Bodi ni nzima ila imechoka. Juu ya mabawa rangi nyeupe imekuwa chaki, ukipitisha kiganja unakitoa cheupe. Tumboni imebanduka vipande vipande na bati lililo wazi lina vidoa vya kijivu. Ubavuni, nyuma ya mlango, rangi bado ina uhai na herufi za usajili zinasomeka.

Kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka tubandue rangi yote na kung'arisha bati mpaka mtu ajione sura. Wapo wanaotaka rangi mpya. Mimi na wachache tunapenda rangi iliyopo isafishwe, ipigwe kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) taratibu, ipakwe nta na kuachwa na makovu yake. Kabla hatujagusa chochote, naomba hoja zenu.

Msalato Juu

Bati tupu mkuu, sioni cha kujadili. Cessna 180 ilianza kutengenezwa 1953, na nyingi za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa bati lililong'arishwa lenye mistari michache ya rangi. Kwa hiyo mkiing'arisha mnairudishia sura yake ya ujana.

Angalieni ile B-29, ndege ya zamani ya kudondosha mabomu, inayoitwa Doc kule Wichita, Marekani. Watu wa kujitolea waliihangaikia miaka mingi hadi ikaruka tena Julai 2016, na mwili wake ni alumini inayometa. American Airlines nao walirusha ndege za bati tupu kwa miongo mingi, wakaacha walipobadilisha mwonekano wao 2013. Halafu sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo Dar na Tanga hawana: hatuna upepo wa bahari, na chumvi ya bahari inaitafuna alumini kuliko kitu kingine. Kama kuna mkoa wa kukaa na bati tupu nje, ni huu wetu mkavu.

Fundi Bodi Majengo

Msalato Juu, ukavu ni kweli, lakini umesahau vumbi na jua. Mimi napuliza rangi za magari, na ninachokiona kila kiangazi ni kwamba vumbi letu ni mchanga laini kabisa. Ukifuta kitu kinachong'aa kwa kitambaa kikavu, umekipiga msasa. Kioo mtakachokipata Juni, Septemba kitakuwa na mikwaruzo ya duara kila mahali, mtaanza upya. Nani atakuwa anaing'arisha mwaka hadi mwaka?

Kwangu mimi ni rangi, tena poliurethani ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kwa sababu ndiyo inayovumilia jua la hapa. Mkiamua hivyo, pulizeni alfajiri kabla upepo haujaamka, jengeni hema la nailoni na mmwagie sakafu maji ili vumbi litulie. Madirisha yafunikwe kabla kopo lolote halijafunguliwa, maana ile ni plastiki. Thina ikiigusa inapasuka vijistari na havitoki tena. Na tafadhali, pati isitumike kusawazisha kila kibonyeo. Ngozi ya ndege ni nyembamba na inatanuka sana juani, pati nene itadondoka.

Kongwa Kwetu

Swali dogo kutoka kwangu. Kwa nini msing'arishe halafu mkapuliza klia, ile rangi ya uwazi, juu? Mng'ao unabaki na vumbi haligusi bati.

Mwl. Nyemo

Kongwa Kwetu, klia juu ya alumini iliyong'arishwa haishiki vizuri, kwa sababu rangi yoyote inahitaji uso wenye ukakasi kidogo wa kukamatia. Jua likiichosha inaanza kuinuka kwenye kingo na vichwa vya riveti. Unyevu ukishaingia chini, kutu ya alumini inatambaa kama nyuzi, na huwezi kuifikia bila kubandua kila kitu.

Sasa niseme la bati lenyewe, maana naona linapitwa. Ngozi ya ndege hizi si alumini safi. Ni aloi yenye shaba ndani yake, ngumu na imara, lakini inaliwa haraka na kutu. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 watengenezaji wanaifunika pande zote mbili kwa tabaka la alumini safi, na bati la namna hiyo linaitwa Alclad. Kwenye bati jembamba, kila tabaka ni kama asilimia 5 ya unene. Chukueni bati la milimita 0.8: tabaka linalolinda ni milimita 0.04 tu, jembamba kuliko unywele wa watu wengi. Na hilo ndilo linalong'aa. Kila mnapong'arisha mnalipunguza, na likiisha mmefika kwenye aloi iliyo uchi. Haitameta vilevile na itaanza kutoboka vidoa.

Wote tumeona sufuria lililosuguliwa kwa jivu na mchanga tangu enzi za bibi: linang'aa sana, na kitako kimebaki karatasi. Jivu ni la kialkali na linayeyusha alumini, ndiyo maana linang'arisha upesi. Sabuni ya unga na magadi ni ukoo huohuo, visisogee karibu na ndege. Stilwuli pia marufuku, na brashi ya waya. Vipande vya chuma vinajikita kwenye alumini, vinapata unyevu, na kila kimoja kinachimba kishimo chake.

Ndege ya maonyesho ikiwa na Alclad nzima, ikang'arishwa mara moja kwa polishi laini na kuwekwa ndani ya jengo, mimi sina ugomvi. Hii yenu ina vidoa vya kijivu tayari. Kuviondoa ni lazima mkate mpaka chini ya kidoa, na hapo tabaka limekwisha.

Msalato Juu

Mwalimu, hilo la asilimia 5 sikulijua, asante sana. Lakini doa la kijivu si lazima lifutike lote. Mtu anaweza kupita na polishi laini peke yake na mashine ya mwendo mdogo, akaacha vidoa vionekane. Bado itavutia kuliko rangi ya chaki. Vijana wanasogelea kitu kinachong'aa, na lengo ni wasogee.

Mzee wa Kikuyu

Wanangu, nimefuatilia mazungumzo haya tangu asubuhi. Nilifanya kazi karakana ya East African Airways kule Nairobi hadi shirika lilipovunjika 1977, kwa hiyo bati la Dakota, ndege zetu za abiria za enzi hizo, nimelishika sana. Niongeze mambo ambayo sijaona yakitajwa.

Kwanza, mmeangalia rangi ina matabaka mangapi? Ndege ya umri huo katika Afrika Mashariki kwa kawaida imebadilisha mikono. Kabla ya uhuru ndege za Tanganyika zilisajiliwa kwa VR-T, za Kenya kwa VP-K na za Uganda kwa VP-U. Baadaye ndipo tukapata 5H, wenzetu 5Y na 5X. Chini ya hizo herufi mnazozisoma huenda kuna herufi nyingine. Chukueni msasa laini sana wa maji, namba 1500 au 2000, mchague sehemu ndogo ya ubavuni, ukubwa wa sarafu, msugue taratibu kwa maji, zaidi katikati kuliko pembeni. Mtaona miviringo ya rangi inajitokeza mmoja ndani ya mwingine, kuanzia ya juu hadi bati. Pigeni picha, andikeni kila rangi. Hapo mtajua pia kama kweli ilizaliwa bati tupu, maana tunabishana juu ya ujana wa ndege ambayo hatujaiuliza.

Mkibandua yote mnafuta hayo, na hakuna duka linalouza. Kule Smithsonian, makumbusho ya Marekani, wana B-26, ndege ya mabomu iitwayo Flak-Bait, iliyorudi salama kutoka zaidi ya safari 200 za vita. Wanaihifadhi na rangi yake ya zamani, mabaka na viraka, hawaipulizii mpya. Cessna 180 ambayo Jerrie Mock aliizungusha dunia 1964, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo peke yake, iko Smithsonian pia. Thamani yake ni kwamba ni ileile.

Pili, afya. Mkikuta praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kijani au ya njano chini ya rangi, chukulieni kuwa ni ya zinki kromati. Vumbi lake linasababisha saratani. Msisugue kikavu hata kidogo: maji, glavu, barakoa ya kichujio, na tope lake likusanywe, lisimwagwe uwanjani wanakopita wanafunzi. Zile dawa kali za kubandulia rangi nazo zinaua mtu akizitumia chumba kisicho na hewa.

Tatu, kabla ya mng'ao wowote fungueni vifuniko vya ukaguzi mtazame ndani. Ndege iliyokaa miaka ina viota na mikojo ya panya mkiani, na mkojo unakula bati kutoka ndani wakati ninyi mnapiga polishi nje. Vile vitundu vya tumboni vya kutolea maji vizibuliwe vyote.

Fundi Bodi Majengo

Shikamoo mzee. Kwa hoja ya matabaka ya rangi narudisha bunduki yangu ya kupulizia kabatini. Ila upande wa mabawa juu, ile chaki haitatulia kwa nta peke yake. Ioshwe, ipigwe kompaundi laini kwa mkono, si kwa mashine, kwa sababu kwenye vichwa vya riveti na kingo za bati mashine inafika chini kabla hujashtuka. Nta ifuate.

Na maji! Maji yetu ya visima mnayajua, yakikauka yanaacha utando mweupe. Tumieni maji ya mvua, au angalau ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua, na mkaushe papo hapo. Vumbi liondolewe kwa maji mengi yanayotiririka kwanza, kitambaa baadaye.

Mzee wa Kikuyu

Marahaba kijana. Umesema sawa kabisa. Na kwa Msalato Juu: vile vifuniko vidogo vya ukaguzi vinatoka kwa skrubu. Chukueni kimoja kisicho na rangi ya thamani, mkakifanyie kazi mezani. Polishi kidogo, kitambaa cha flana, mfuate mkondo wa bati. Ule weusi unaotoka ndiyo alumini yenyewe. Mwisho nyunyizeni unga wa ngano mfute kwa kitambaa safi, unafyonza mafuta na weusi wote uliobaki. Kijana akikiona hicho kando ya ndege atajua zilivyotoka kiwandani, na ndege haijapoteza kitu.

Msalato Juu

Shikamoo mzee, nimekubali. Kifuniko hicho nakiomba nikifanye mimi.

Kongwa Kwetu

Itakaa juani au mtaijengea kivuli? Naona hilo ni kubwa kuliko nta.

MtunzaMabawa (Nzuguni)

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu thread hii jana jioni. Tumekubaliana hivi: rangi inabaki. Tunaanza na ndani, viota na vitundu vya maji, halafu mzee akiridhia aje atuelekeze pale pa kufungulia matabaka ubavuni. Fundi atasimamia mabawa. Msalato Juu, kifuniko ni chako, ila mwalimu akikague kwanza kama tabaka lake bado lipo.

Kongwa Kwetu, umetugusa penyewe. Hela tuliyochanga kwa ajili ya rangi inahamia kwenye paa. Tuna nguzo, tunatafuta mabati na fundi wa kuchomelea, na gata ya kuvunia maji ya mvua iwemo humohumo. Tungependa paa liwe limesimama kabla ya mvua za Desemba.

Mwl. Nyemo

Nina tanki la lita 1000 halitumiki, mje mlichukue Ipagala. Na mniwekee nafasi kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu siku ya kufungua matabaka.